Meli huja imejaa, hurudi tupu: kwa nini taka za visiwa huamuliwa bandarini

Betri ya gari iliyokufa ina uzito wa kilo 15 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni madini ya risasi. Kilichobaki ni gamba la plastiki na asidi inayotoboa nguo na kuunguza ngozi. Dar es Salaam, betri ya namna hiyo haikai nje siku nyingi. Atapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni wake, ataipima, atalipa, na baada ya muda mfupi itakuwa imefika kwa wayeyushaji. Namna inavyoyeyushwa ni kisa kingine, tena cha kusikitisha, lakini angalau betri imepata pa kwenda.

Ichukue betri hiyohiyo uiweke Tarawa Kusini, makao ya serikali ya Kiribati, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Ardhi pale ni utepe wa mchanga wa matumbawe wenye upana wa mita mia chache tu: upande mmoja bahari kuu, upande wa pili lagoni, ile bahari tulivu iliyozungukwa na mwamba. Kiwanda cha kuyeyusha risasi hakuna. Mnunuzi yuko ng'ambo ya maelfu ya kilomita za maji. Betri ikitupwa nyuma ya nyumba, hapohapo ndipo kilipo kisima, ndipo wanapocheza watoto, na hatua chache mbele ndipo wanapookota chaza wa kitoweo.

Tukizungumzia taka za visiwani, mara nyingi tunaanza na tabia. Watu hawajali, watu wanatupa ovyo, watu waelimishwe. Maneno hayo nimeyasikia Unguja tangu utoto. Siyakatai yote, maana usafi ni kazi ya kila mtu, lakini kadiri ninavyoisoma habari hii ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba tunaanza kuuliza mahali pasipo penyewe. Taka za kisiwa haziamuliwi jalalani. Zinaamuliwa bandarini, siku kontena linaposhushwa, wakati bidhaa bado ni mpya na hakuna anayeiita taka.

Bibi zetu walikuwa na taka pia. Walikuwa na vifuu, makuti yaliyooza, maganda ya muhogo, vichwa vya samaki na majivu ya jikoni. Ukivitupa nyuma ya nyumba, mvua mbili tatu zikipita vimekuwa udongo, na pengine mgomba umeota juu yake. Tabia ya kutupa nyuma ya nyumba ilikuwa njia sahihi kabisa ya kushughulikia taka za aina ile. Kilichobadilika ni kilichomo ndani ya kapu. Siku hizi kuna kopo la soda, nepi ya mtoto, chupa ya mafuta ya kupikia, simu iliyokufa, jokofu lililoagizwa likiwa limeshatumika, kopo la rangi na kopo la dawa ya kuulia wadudu, na kila kimoja kilikuja kwa meli.

Umoja wa Mataifa unazitambua nchi 39 kuwa nchi ndogo za visiwa zinazoendelea. Katika Bahari ya Hindi, kwa jirani zetu, zimo Komoro, Ushelisheli, Mauritius na Maldivi. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2019 ilikadiria kwamba mtu mmoja katika nchi hizi huzalisha wastani wa kilo 2.3 za taka kwa siku, kiasi kinachozidi wastani wa dunia kwa asilimia 48. Mtu akiisoma takwimu hiyo peke yake anaweza kudhani watu wa visiwani ni wabadhirifu. Lakini nchi isiyo na viwanda inanunua karibu kila kitu kikiwa kimefungwa, tena kimefungwa mara mbili ili kisiharibike safarini. Juu ya hapo, hesabu hugawanywa kwa idadi ya wenyeji, wakati wanaojaza mapipa ni wenyeji pamoja na watalii, na mtalii aliye hotelini huacha taka nyingi kuliko mwenyeji aliye kwake.

Kisha kuna hesabu ya safari ya kurudi. Kontena dogo la futi 20 hubeba tani 20 na zaidi. Ukitaka kulijaza betri za kilo 15, unahitaji betri zipatazo 1,300. Mji mkubwa wa bara unazipata kwa muda mfupi. Tuvalu, nchi nzima ina watu wapatao 11,000, waliotawanyika kwenye visiwa tisa. Itachukua muda gani hadi magari yao yaue betri 1,300? Muda wote huo zitawekwa wapi, chini ya paa gani, juu ya sakafu gani, na nani atazilinda mvua za kimbunga zikija? Bei ya risasi duniani inaweza kuwa nzuri kiasi gani, mfanyabiashara hawezi kusubiri miaka. Ndiyo maana ushauri wa kawaida wa kuanzisha viwanda vya kurejeleza hauendi mbali visiwani. Kiwanda kinahitaji wingi, na wingi haupo.

Wakati huohuo makontena yenyewe yapo. Meli huja imejaa mchele, saruji, makopo na magari, ikashusha, ikaondoka na makontena matupu kwa sababu kisiwa hakina bidhaa za kutosha za kuuza nje. Nafasi ya kubeba taka ipo kila meli inapong'oa nanga. Kinachokosekana ni nauli, na ruhusa.

Kabla ya kufika huko, tuiangalie ardhi yenyewe, maana mtu wa bara huwa haioni tofauti.

Kisiwa cha matumbawe hakina mto wala ziwa. Mvua ikinyesha hupenya mchangani mara moja na kukusanyika chini, juu ya maji ya bahari yaliyojaa ndani ya mwamba. Maji ya mvua ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo huelea juu yake kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi. Kwa kila sentimita moja ambayo maji baridi yamepanda juu ya usawa wa bahari, kuna takriban sentimita 40 za maji baridi chini yake. Tabaka hilo ndilo kisima cha watu wote. Juu yake hakuna udongo mzito wa mfinyanzi wa kuchuja, kuna mchanga mtupu. Mafuta machafu ya injini yakimwagwa chini, au asidi ya betri, au dawa ya mbu iliyopitwa na wakati, hayana kizuizi mpaka yafike majini.

Visiwa vya volkano vina taabu yao. Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, ina mlima Karthala na mvua tele, lakini haina mto wa kudumu hata mmoja. Mawe yake ya lava yana matundu kama sifongo, na maji hupotelea chini. Wangazija wamejenga matangi ya kuvunia mvua kwa vizazi, na wanategemea pia maji ya ardhini karibu na pwani. Dampo likiwekwa juu ya lava kama ile, majimaji meusi yanayotoka kwenye taka yanakwenda kulekule yanakokwenda maji ya kunywa. Sisi wa Unguja na Pemba hatumo katika ile orodha ya nchi 39, kwa kuwa ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano, lakini mwamba wetu wa matumbawe wenye mapango ni wa aina hiyohiyo. Habari hii si ya mbali.

Mtu atasema, basi chimbeni jaa la kisasa, lenye sakafu isiyovuja. Mauritius walifanya hivyo. Jaa la Mare Chicose lilifunguliwa mwaka 1997, na mpaka leo ndilo jaa rasmi la kisiwa chenye watu zaidi ya milioni 1.2. Lilijaa, likapanuliwa, kisha ikabidi taka zipandishwe juu badala ya kutandazwa. Wanakijiji waliokuwa jirani nalo walilazimika kuhamishwa. Mauritius ni nchi yenye mapato mazuri na utawala wa kupigiwa mfano Afrika, na bado imebanwa, kwa sababu pesa haziongezi ardhi.

Maldivi walijaribu kuiongeza ardhi kwa taka zenyewe. Kuanzia mwaka 1992 taka za Malé na za mahoteli zilipelekwa Thilafushi, lagoni iliyo kilomita chache magharibi ya mji mkuu. Walichimba mashimo, wakayajaza taka, wakafunika kwa mchanga. Lagoni ikawa kisiwa, na kisiwa kikakodishwa kwa viwanda na karakana za boti. Taka zilipozidi mashimo, zilichomwa. Kwa miaka mingi moshi wa Thilafushi ulionekana kutoka Malé, hadi uchomaji wa wazi uliposimamishwa mwaka 2021.

Kuchoma ndilo suluhisho la kwanza la kila asiye na nafasi, na ndilo linalonitia hofu kuliko yote, kwa sababu linaonekana kufanikiwa. Rundo limeisha, uwanja ni safi. Lakini plastiki yenye klorini ndani yake, kama ile ya mabomba na nyaya za umeme, ikiungua kwa moto mdogo wenye moshi huzaa dioksini na furani. Hizi ni kemikali ambazo hakuna aliyezitengeneza kwa makusudi, nazo ni miongoni mwa sumu kali zinazojulikana. Hazioshwi na mvua zikaisha. Hutua kwenye majani na ardhini, zikaliwa na kuku na mbuzi, zikajificha kwenye mafuta ya mwili, yai na maziwa. Kisiwani, kuku anayedonoa kando ya jaa ndiye anayetaga yai la asubuhi.

Hapa ndipo habari ya taka inapogeuka kuwa habari ya kemikali. Kemikali nyingi zinazotusumbua hazifiki zimeandikwa sumu. Zinafika zikiwa ndani ya kitu: rangi yenye risasi, transfoma ya umeme yenye mafuta ya zamani, kochi lililotiwa dawa ya kuzuia moto, krimu ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Wale wanaotumia mikorogo huku kwetu wanaijua hiyo ya mwisho kwa macho. Serikali ya kisiwa inaweza isiwe na maabara ya kupima kilichomo, wala ofisa forodha wa kusoma lebo iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua.

Mfano unaoniumiza zaidi ni wa Martinique na Guadeloupe. Hizi si nchi huru, ni sehemu ya Ufaransa, lakini ni visiwa vidogo vya Karibi na kisa chao kinaeleza mambo mengi. Klodekoni ni dawa ya kuua fukusi wa migomba. Marekani, kiwanda kilichoitengeneza huko Hopewell, Virginia, kilifungwa mwaka 1975 baada ya wafanyakazi kupata madhara ya neva. Visiwani humo iliruhusiwa tangu mwaka 1972. Ufaransa iliipiga marufuku mwaka 1990, kisha ikatoa ruhusa maalumu ya kuendelea kuitumia kwenye migomba hadi mwaka 1993. Kemikali hiyo hushikamana na udongo wa volkano na inakadiriwa kwamba itakaa humo kwa karne. Uchunguzi umeikuta kwenye damu ya zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima wa visiwa hivyo viwili. Mashamba mengine hayafai tena kwa mihogo na viazi, maji mengine hayafai kuvuliwa. Mwaka 2023 majaji wa Ufaransa waliifunga kesi bila kumshtaki mtu yeyote. Dawa hiyo ilishuka bandarini kihalali, na sahihi ikiwepo.

Sheria za dunia zipo, na ukizipanga zinaanza kueleweka. Fikiria nyumba yenye mlango wa mbele na wa uani. Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998 unasimama mlango wa mbele: kemikali zilizomo katika orodha yake haziwezi kuuzwa nje mpaka nchi inayopokea iwe na nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uko ndani ya nyumba: unazipiga marufuku au kuzibana zile kemikali sugu zisizooza, zikiwemo dioksini na klodekoni. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unasimama mlango wa uani, unakotokea taka hatarishi. Zebaki ina mkataba wake, wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako watu walilemaa kwa kula samaki wenye zebaki iliyomwagwa na kiwanda. Huo ulianza kutumika mwaka 2017, na nchi wanachama zimekubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondoke sokoni ifikapo mwaka 2025. Pasifiki wana na mkataba wao wa ziada, wa Waigani, uliotiwa saini Papua Guinea Mpya mwaka 1995 ili kuzuia visiwa visigeuzwe jaa la mataifa makubwa.

Hofu hiyo ya kugeuzwa jaa ilikuwa na msingi wake. Katika kisiwa cha Runit, Visiwa vya Marshall, kuna kuba la zege lililojengwa na Marekani kati ya mwaka 1977 na 1980 juu ya shimo la bomu la nyuklia. Ndani yake kuna udongo na vifusi vyenye mnururisho, mabaki ya baadhi ya majaribio 67 ya mabomu yaliyofanywa nchini humo kati ya 1946 na 1958. Chini ya shimo hakukuwekwa sakafu.

Lakini mkataba wa Basel, uliotungwa kumlinda mnyonge asiletewe taka, unamtia tabu huyohuyo mnyonge anapotaka kuzitoa. Kisiwa kikitaka kusafirisha yale makontena ya betri, lazima kiandike taarifa kwa nchi itakayopokea, kisubiri kibali cha maandishi, kiijulishe kila nchi ambayo mzigo utapita ili nayo ikubali au ikatae, kiwe na mkataba na kiwanda na bima ya safari. Kama nchi itakayopokea si mwanachama wa Basel, panahitajika makubaliano mengine ya pembeni. Tangu mwaka 2021 masharti hayo yamefikia taka nyingi za plastiki zilizochanganyika, na tangu Januari 2025 yamefikia taka zote za vifaa vya umeme, ziwe hatarishi au la. Mimi nayaunga mkono masharti hayo, maana bila hayo Afrika Mashariki nasi tungezidi kuletewa kompyuta mbovu kwa jina la msaada. Ila tukumbuke kwamba katika nchi ndogo, mtu anayejaza fomu hizo anaweza kuwa ofisa mmoja anayeshughulikia mikataba yote minne, pamoja na tabianchi na uvuvi.

Sasa turudi Tarawa, kwenye betri yetu.

Mwaka 2004 Kiribati ilitunga sheria, na mpango uliofuata ukaitwa Kaoki Maange, yaani rudisha taka. Kila kopo la alumini na kila chupa ya plastiki ya kinywaji inayoingia nchini hutozwa senti 5 za dola ya Australia. Mwananchi akirudisha kopo tupu anapata senti 4. Senti moja inabaki kuendesha kituo, kubana makopo na kuyasafirisha. Betri ya gari amana yake ni dola 5. Jambo zima limekaa kwenye mahali pesa inapokusanywa. Haikusanywi jalalani, kwa mtu ambaye ameshakunywa soda yake na hana sababu ya kulipa. Inakusanywa kwa mwagizaji, wakati kontena bado limefungwa. Kwa hiyo kopo linapokuwa tupu, nauli yake ya kurudi imeshalipwa, na kwa kuwa lina thamani, haliokotwi kwa hisani. Mtoto akiona kopo barabarani anaona senti 4.

Palau nao wana mpango wa jinsi hiyo: senti 10 za Marekani kwa kila chombo cha kinywaji, nusu inarudi kwa anayekileta, nusu inagharimia kazi. Ushelisheli wana amana ya chupa za plastiki na makopo. Ninaipenda njia hii kuliko mradi wowote wa kampeni za usafi, kwa sababu haimtegemei mfadhili wala haimsubiri mtu awe mwema. Upungufu wake ni kwamba waagizaji huipinga, na kwamba imezoeleka kwa vitu vidogo vya kuhesabika. Jokofu, matairi, gari bovu na nepi bado viko nje ya mipango mingi, na sasa yanakuja mafuriko ya betri za sola, zinazoletwa kwa nia njema kabisa ya kuacha dizeli, wakati hakuna aliyeziwekea amana ya kuondokea.

Kuhusu nauli ya vitu visivyojilipia, Pasifiki walipata jambo jingine zuri. Mwaka 2018 shirika la mazingira la kanda hiyo, SPREP, lilitia saini makubaliano na kampuni ya meli ya China Navigation, na kuyaita Moana Taka. Jina hilo linamgusa msomaji wa Kiswahili, ingawa limetoka upande wa pili wa dunia. Makontena ambayo yangerudi matupu hutolewa yabebe taka za kurejelezwa ambazo thamani yake haitoshi kulipia safari, bila nauli, hadi bandari yenye kiwanda kinachofaa. Hakukuundwa teknolojia mpya hapo. Mtu aliyatazama makontena matupu akauliza swali.

Kinachobaki kisiwani nacho kina njia zake. Sehemu kubwa ya taka za nyumbani bado ni ya kuoza, na ikitenganishwa mapema inakuwa mbolea, jambo ambalo kisiwa cha mchanga kinalihitaji kuliko chochote. Kwa jaa lenyewe, Samoa walilibadilisha lile la Tafaigata kwa njia ya Fukuoka, iliyobuniwa katika chuo kikuu cha mji huo wa Japani. Chini ya taka hulazwa mabomba yenye matundu, yamezungushiwa mawe. Majimaji machafu hutoka mara moja kwenda bwawani kusafishwa badala ya kutuama. Wakati huohuo mdomo wa bomba ulio wazi huvuta hewa ndani, kwa sababu taka zinazooza hupata joto na joto hupanda. Taka zikipata hewa huoza upesi, maji yake huwa safi zaidi, na gesi ya methani hupungua. Penye uhaba wa pesa, mianzi na mapipa ya zamani vimetumika badala ya mabomba.

Kwa upande wa fedha za nje, mradi mkubwa ni ule uitwao ISLANDS wa Mfuko wa Mazingira Duniani, uliozinduliwa mwaka 2021 kwa dola milioni 515 na kuzigusa nchi 33, zikiwemo jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Lengo lake ni kuzuia zaidi ya tani 23,000 za kemikali za sumu zisiingie katika mazingira. Sehemu yake iliyo bora, kwa maoni yangu, ni ile isiyopigwa picha: sheria za forodha, orodha za kemikali, na nchi kadhaa kununua na kukataa kwa sauti moja. Mfanyabiashara anaweza kuipuuza nchi yenye watu 11,000 ikisema haitaki rangi yenye risasi. Zikisema nchi 33, atasikiliza. Palau walionyesha hata nchi moja inaweza kuanza: tangu Januari 2020 wamepiga marufuku mafuta ya kujikinga na jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe, na mtalii anayekuja nayo hunyang'anywa. Zanzibar nayo ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, miaka 11 kabla ya Kenya na 13 kabla ya Tanzania Bara, na kilichotushinda zaidi ni kulinda kila diko, yaani kila mahali pwani mashua zinaposhusha mizigo.

Bandari haizuii kila kitu, na hapa ndipo hoja yangu inapofika ukingoni. Tarehe 25 Julai 2020 meli ya Wakashio, iliyokuwa ikipita tu na haikuwa na mzigo wa Mauritius, ilipanda mwamba Pointe d'Esny na kumwaga takriban tani 1,000 za mafuta mazito. Wananchi walishona maboya ya majani ya miwa na nguo kuukuu kuyazuia. Zebaki nayo inakuja kwa upepo: makaa ya mawe yanachomwa mabara mengine, inatua baharini, vijidudu vinaibadilisha, samaki mdogo anaila, mkubwa anamla mdogo, na mtu wa kisiwani anamla jodari. Uchunguzi wa miongo mingi wa watoto wa Ushelisheli, uliofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Rochester, haukuona madhara ya wazi kwa watoto wa akina mama waliokula samaki wengi wa kawaida, na hilo ni la kushukuru. Lakini watu wasiochoma makaa ya mawe hawakupaswa kuwa ndio wa kupimwa zebaki kwenye nywele zao.

Na kuna Aldabra. Ni kisiwa cha mwisho kabisa cha Ushelisheli, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, urithi wa dunia, makao ya makobe wakubwa zaidi ya laki moja na watafiti wachache. Mwaka 2019 kikosi cha watu wa kujitolea kilikaa wiki tano kuokota taka ufukweni. Waliondoa tani 25, ndani yake kandambili zipatazo 50,000. Watafiti wakakadiria kwamba tani 513 zimebaki, na kuziondoa kungegharimu dola milioni 4.68. Mikondo ya bahari inaonyesha kwamba nyingi ya kandambili na chupa zinatoka Asia, hasa Indonesia, India na Sri Lanka. Lakini kwa uzito, asilimia 83 ya taka zile ni zana za uvuvi, nyavu, kamba na vyelezo vya kuwavutia jodari, vinavyotupwa baharini na meli za viwandani zinazovua kwa kibali.

Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, inayosimamia uvuvi huo, ina ofisi zake Victoria, mji mkuu wa Ushelisheli. Imekuwa ikipunguza idadi ya vyelezo ambavyo kila meli inaruhusiwa kuwa navyo, na kubishania vitengenezwe kwa vitu vinavyooza. Amana ya kurudishiwa, kama ile ya kopo la soda la Tarawa, vyelezo hivyo havina. Vilipakiwa bandarini siku moja, vikiwa vipya, vimehesabiwa na kutiwa alama, na aliyevipakia aliondoka bila kudaiwa nauli ya kurudi.